Kimeng'enya, chanjo au methadoni: nani achague nini

Kila baada ya miezi kadhaa habari ileile huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: wanasayansi wamegundua kimeng'enya, yaani protini inayovunja kemikali, kinachokata dawa za kulevya zikiwa bado kwenye damu, kabla hazijapanda kichwani. Habari hiyo si ya uongo. Ila anayeisambaza mara nyingi ni mama au dada wa kijana anayetumia unga, yaani heroini, na kimeng'enya kinachosimuliwa kilitengenezwa kwa ajili ya kokeini. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kunaweza kumfanya mtu angoje dawa isiyomhusu huku ya kwake ikitolewa bure mjini kwake.

Nianze na majibu, sababu zifuate. Anayetumia heroini asingoje kimeng'enya chochote. Methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, ipo, imepimwa kwa miongo mingi, na Tanzania hutolewa bila malipo katika kliniki za serikali. Anayetumia kokeini hana dawa iliyoidhinishwa, si hapa wala Marekani, na kwake yeye vimeng'enya ndilo tumaini lenye uzito zaidi, ingawa havijafika dukani. Wa sigara na wa pombe wana hesabu zao, nitazipitia kwa haraka.

Damuni au ubongoni

Ukitaka kulinganisha dawa hizi bila kupotea, uliza kwanza kila moja inafanyia kazi wapi. Methadoni, buprenofini na naltreksoni huingia ubongoni na kukaa kwenye vipokezi (sehemu za seli zinazoshika dawa) vilevile ambavyo heroini inavitafuta. Vimeng'enya, na kingamwili (protini za kinga) zinazotokana na chanjo ya dawa za kulevya, haviingii huko. Molekuli zake ni kubwa mno, haziwezi kuvuka ukuta unaotenga damu na ubongo. Hubaki kwenye mishipa na kuisubiri dawa ya kulevya njiani.

Kutokana na hilo, kimeng'enya hakipunguzi hamu. Hakitulizi arosto. Kinachofanya ni kumnyima mtu stimu: anavuta, anajidunga, halafu hakuna kinachopanda. Matarajio ya watafiti ni kwamba akishapoteza fedha zake mara kadhaa bila kupata alichokifuata, ubongo wake utaanza kuachana na mazoea. Methadoni inakwenda njia nyingine kabisa. Inampa ubongo kitu cha kukalia vipokezi kwa saa ishirini na nne na zaidi, mwili unatulia, na mtu anaweza kuamka akaenda kazini badala ya kuamka akatafuta kete.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa ipi ni bora, ni muhimu kujua anayetumia anasukumwa na nini. Mtumiaji wa unga wa miaka mitano kwa kawaida hatafuti raha tena. Anakimbia arosto: maumivu ya mifupa, kuharisha, kutapika, kutolala. Ukimnyima stimu bila kumtuliza arosto umemwongezea mateso tu. Mtumiaji wa kokeini naye anapoacha hushikwa na uchovu, huzuni na hamu kali, lakini mwili wake haugomi kwa namna ile. Ndiyo maana wazo la kukatia dawa njiani linaingia akilini zaidi kwa kokeini.

Vimeng'enya viwili vya kokeini

Kwenye kokeini kuna wagombea wawili wakuu, na wana asili tofauti sana.

Wa kwanza unaye mwilini sasa hivi. Ini hukitengeneza na kukimwaga kwenye damu, na jina lake ni butirilikolinesterasi. Wataalamu wa nusukaputi wanakifahamu vizuri kwa sababu ndicho kinachovunja suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Mtu aliyerithi aina dhaifu ya kimeng'enya hiki, dawa inayopaswa kuisha ndani ya dakika chache inaweza kumwacha hawezi kupumua mwenyewe kwa saa kadhaa. Kimeng'enya hichohicho hukata kokeini kuwa vipande viwili visivyolevya, lakini polepole mno: molekuli chache tu kwa dakika.

Katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Chang-Guo Zhan na wenzake walitumia hesabu za kompyuta kubuni sehemu chache za protini hiyo zibadilishwe, na wakapata aina zinazokata kokeini kwa ufanisi unaozidi ule wa asili kwa zaidi ya mara elfu moja. Kampuni ya Teva ilichukua aina iliyoboreshwa kwa njia hiyo, ikaiunganisha na albumini, protini ya kawaida ya damu, ili idumu zaidi kwenye damu, ikaipa jina TV-1380. Katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa 2016, watumiaji wa kokeini walichomwa sindano ya msulini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Lengo kuu lilikuwa kuona wangapi wangekaa bila kutumia kabisa katika wiki tatu za mwisho. Halikufikiwa. Vipimo vya mkojo visivyo na kokeini viliongezeka kidogo, lakini ongezeko hilo halikutosha kuifanya iwe dawa.

Wa pili anatoka udongoni. Kwenye mizizi ya mkoka, mmea unaotoa kokeini, wanaishi bakteria wa jamii ya Rhodococcus ambao wameizoea kokeini hadi wakaifanya chakula. Kimeng'enya wanachotumia, esterasi ya kokeini, kilielezwa mwaka 2000 na kundi la Neil Bruce lililokuwa Cambridge. Kina kasi ya kutisha ukilinganisha na cha kwetu: kila molekuli moja yake hukata mamia ya molekuli za kokeini kwa dakika. Udhaifu wake ni joto. Bakteria wa udongoni hawakuumbwa kuishi kwenye nyuzi 37, na kimeng'enya chao kikiwekwa kwenye joto la mwili wa binadamu hupoteza nusu ya nguvu yake kabla robo saa haijaisha.

Watafiti wa vyuo vikuu vya Michigan, Columbia na Kentucky walibadilisha asidi amino mbili tu (vipande vinavyounda protini) katika mnyororo wake, na muda ule ukapanda kutoka dakika hadi saa kadhaa. Aina hiyo ndiyo iliyoitwa RBP-8000 chini ya kampuni ya Reckitt Benckiser. Watumiaji wa kokeini waliojitolea walipewa miligramu 50 za kokeini kwenye mshipa, kisha kimeng'enya. Kiasi cha kokeini kwenye damu kilianguka kwa takriban asilimia 90 ndani ya dakika mbili. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa hadhi ya tiba ya kuharakishwa. Zaidi ya miaka kumi imepita na bado hakuna hospitali inayoweza kuiagiza kama dawa ya kawaida.

Ukiviweka pamoja, huwezi kusema kimoja kimekishinda kingine, maana kazi zake si moja. Cha bakteria ni cha dharura. Ni protini ngeni, mwili unaweza kuitengenezea kingamwili, hivyo kumchoma mtu kila wiki kwa mwaka mzima ni kujitafutia matatizo. Lakini mara moja, kwa mtu aliyeletwa hospitali moyo ukimwenda mbio na joto likipanda, ni jambo jingine. Cha ini ni cha safari ndefu, kwa sababu kinafanana na kile mwili unachokijua tayari.

Ningeulizwa fedha za utafiti ziende wapi kwanza, ningezipeleka kwenye dharura bila kusita. Aliyezidisha heroini ana naloksoni. Inamwamsha ndani ya dakika chache. Aliyezidisha kokeini hana kitu cha namna hiyo. Madaktari humtuliza kwa dawa za jamii ya diazepamu (Valium), humpoza, huushughulikia moyo, na kusubiri mwili umalize kazi yenyewe. Halafu mgonjwa wa dharura hatakiwi kuwa na nia wala subira, ilhali sindano ya kila wiki inamtaka mtu arudi kila wiki kudungwa kitu kinachomharibia starehe yake. Wengi wetu tunajua namna miadi ya aina hiyo inavyoishia.

Kuna wanaojaribu kuondoa suala hilo la kurudi. Mwaka 2018 Xiaoyang Wu, Ming Xu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua seli za shina za ngozi ya panya, wakazihariri ili zizalishe butirilikolinesterasi iliyoboreshwa, wakazipandikiza tena kwenye panya. Panya hao hawakuitafuta kokeini kama wenzao, na walinusurika dozi ambayo ingewaua. Katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, Stephen Brimijoin na kundi lake walipeleka jeni kwa kutumia kirusi kisicho na madhara na wakapata ulinzi wa muda mrefu kwa panya. Inavutia, lakini mimi inanipa wasiwasi mmoja: wazazi wangapi wangetaka mtoto wao afanyiwe hivyo bila kumuuliza? Dawa unayoweza kuiacha na mabadiliko usiyoweza kuyaondoa haviwezi kupimwa kwa mizani ileile.

Chanjo ilikwama wapi

Kabla vimeng'enya havijashika kasi, chanjo ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa. Molekuli ya kokeini ni ndogo mno kugunduliwa na kinga ya mwili, hivyo katika chanjo ya TA-CD iliunganishwa na sehemu isiyodhuru ya sumu ya bakteria wa kipindupindu. Mwili ukipambana na ile sumu, unajifunza pia kuitambua kokeini.

Kingamwili ni sawa na mchota maji mwenye ndoo mbili: zikijaa, zimejaa. Kila moja hukamata molekuli mbili za kokeini na kubaki nazo. Kimeng'enya hakibebi, kinakata, kinaachia, kinarudia. Kwenye jaribio lililotangazwa 2009 ni asilimia 38 tu ya waliochanjwa waliofikisha kiwango cha kingamwili kilichohitajika, na ilichukua wiki nyingi na sindano kadhaa kufika hapo. Jaribio kubwa zaidi la watu 300, lililochapishwa 2014, halikufikia lengo lake kuu. Tena kuna jambo ambalo lingetarajiwa na yeyote aliyewahi kuishi na mraibu: baadhi ya waliochanjwa waliongeza kiasi ili kuishinda chanjo.

Je, mtu anaweza kukishinda kimeng'enya vilevile? Kwa kile cha kasi ni vigumu zaidi, maana hakijai. Lakini kiasi cha kimeng'enya damuni kikishapungua, mlango uko wazi.

Basi mwenye tatizo la kokeini leo achague nini, iwapo vimeng'enya havipo na chanjo imekwama? Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye kitu kisichofanana na dawa: mpango wa zawadi. Mtu anapima mkojo kila wiki mara kadhaa, na kila ukiwa safi anapata vocha au fedha kidogo, kiasi kikipanda kadiri anavyoendelea bila kuteleza. Watu wazima wengi hucheka wakisikia hivyo. Wanaona ni kumlipa mtu kwa kutofanya kosa. Wacheke, ila matokeo yake kwenye majaribio ni mazuri kuliko ya kidonge chochote kilichojaribiwa kwa kokeini, na unasihi ukiongezwa juu yake mtu anapata pa kushikia zawadi zikiisha.

Na tafadhali, kopo la vidonge vya "vimeng'enya vya kusafisha mwili" linalouzwa mtandaoni lisiwe kwenye orodha yako. Kimeng'enya ni protini. Ukikimeza, tumbo litakivunja kama linavyovunja kipande cha samaki. Vile vinavyotengenezwa kustahimili tumbo ni vya kusaidia kumeng'enya chakula, na havina habari na kokeini wala unga. Vya kukata kokeini vyote vilivyojaribiwa kwa watu viliingizwa kwa sindano au dripu, hospitalini, chini ya uangalizi.

Sigara, kwa ufupi

Kwa nikotini kuna NicA2, kutoka kwa bakteria Pseudomonas putida wa aina S16 waliopatikana kwenye udongo wa shamba la tumbaku nchini China. Mwaka 2015 Kim Janda na wenzake wa Taasisi ya Scripps walionyesha kwamba, katika majimaji ya damu ya panya yaliyotiwa nikotini, muda wa nusu ya nikotini kuisha ulishuka kutoka kati ya saa mbili na tatu hadi kati ya dakika tisa na 15. Baadaye kilijaribiwa kwa panya hai, nao walipungukiwa na utegemezi. Hapo ndipo kilipo. Anayetaka kuacha sigara mwaka huu ana viraka na jojo za nikotini, ana vareniklini ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2021, na hana sababu ya kungojea bakteria.

Pombe: hapa kimeng'enya huzimwa

Disulfiramu, inayojulikana zaidi kwa jina la Antabuse, inafanya kinyume cha yote niliyoeleza. Ini huvunja pombe kwa hatua mbili. Ya kwanza inatoa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, na ya pili inaiondoa sumu hiyo. Disulfiramu huzima kimeng'enya cha hatua ya pili. Anayekunywa pombe juu yake anaiva uso, kichwa kinagonga, anatapika, moyo unakimbia. Wadenmark Erik Jacobsen na Jens Hald ndio walioileta katika tiba mwaka 1948.

Inamfaa mtu mmoja: aliyeamua mwenyewe kuacha, mwenye mke, mume au ndugu wa kumshuhudia akimeza kila asubuhi, na asiye na ugonjwa wa moyo au ini. Wengine wote huacha kidonge na kurudi kwenye chupa. Najua kuna familia zinazokisaga na kukitia kwenye uji bila mwenyewe kujua, na waganga wa mitaani wanaouza "dawa ya kuacha pombe" ya kuchanganya kwenye chakula. Usifanye hivyo hata kwa mapenzi. Mnywaji asiyejua ataendelea kunywa, na tukio hilo likiwa kali moyo unaweza kusimama. Naltreksoni kwa pombe ni salama zaidi na inamruhusu mtu ateleze bila kuanguka kwa hatari.

Heroini: kwa nini kukata hakusaidii

Sasa turudi kwa yule kijana wa unga, maana kwa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ndiye anayetuhusu zaidi.

Heroini ikiingia damuni haikai. Ndani ya dakika chache vimeng'enya vya mwili, kikiwemo hichohicho butirilikolinesterasi, vimeshaikata. Kinachotoka humo ni monoasetilimofini, halafu mofini, na hivyo ndivyo vinavyolevya na kusimamisha pumzi. Kwa kokeini, kukata ni kuyaua makali. Kwa heroini, kukata ni kuyanoa. Ukimchoma mtumiaji wa unga kimeng'enya kilekile kinachosifiwa mtandaoni, hutakuwa umemkinga na chochote. Bakteria wenye uwezo wa kuishughulikia heroini na mofini wapo, na kundi la Bruce liliwachunguza pia, lakini vimeng'enya vyao vilielekezwa kwenye kutambua dawa za kulevya na kutengeneza dawa za maumivu, si kwenye tiba ya uraibu.

Kwa hiyo uchaguzi wa kweli ni kati ya dawa tatu za ubongoni, na nyumba za upataji nafuu ambazo wengi tunaziita soba.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, ikiwa ya kwanza kwa bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 kwa kuanzia Mathari, Nairobi, na Zanzibar 2015 huko Kidongo Chekundu. Ni maji ya kunywa mbele ya mhudumu, kila siku. Huanza kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30, kwa sababu inajilimbikiza mwilini. Leo ni ndogo, siku ya nne dozi ileile ni nzito. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari zaidi, hasa kwa anayeendelea kuongezea pombe au Valium kwa siri. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Ubaya wake unajulikana: choo kigumu, jasho, mapigo ya moyo yanayohitaji kuangaliwa kwa dozi kubwa, na nauli. Nauli ndiyo inayowatoa watu kwenye tiba kuliko madhara yote mengine. Mtu anayeishi daladala mbili kutoka kliniki kwa kawaida hutakiwa kufika siku saba kwa wiki, Eid na Krismasi zikiwemo.

Wapo wanaosema mgonjwa amebadilisha unga wa mtaani kwa unga wa serikali. Siwezi kukubaliana nao. Mtu aliye kwenye dozi sahihi ya methadoni hasinzii kwenye kona, haibi simu, hachangii sindano, anaweza kushona nguo au kuendesha baiskeli ya biashara. Utegemezi upo, ndiyo. Mwenye kisukari naye anaitegemea insulini.

Buprenofini huwekwa chini ya ulimi. Inakalia vipokezi kwa nguvu lakini inaviamsha nusunusu, ndiyo maana ikifika kiwango fulani haiendelei kukandamiza pumzi. Ni salama zaidi kwa wa kwenda nayo nyumbani. Sharti lake kubwa ni la mwanzo: lazima arosto iwe imeanza. Akiwahi kuiweka unga ukiwa bado umekalia vipokezi, itausukuma nje kwa mkupuo na kumtupa kwenye arosto kali kuliko aliyowahi kuiona. Kwa Watanzania na Wakenya walio nje, Ulaya au Marekani, hii ndiyo watakayopewa mara nyingi, na huko kuna sindano zake za mwezi mzima. Hapa kwetu methadoni ndiyo inayopatikana kwa wingi, na kwa kuwa zote mbili zinafanya kazi, chagua inayofikika.

Naltreksoni huziba vipokezi bila kuviamsha. Hainogeshi, haizoeleki, na sindano yake moja hukaa mwezi. Kwa familia nyingi inasikika kama ndiyo yenyewe. Kikwazo ni kwamba mtu lazima awe hana dawa ya jamii ya afyuni, kama heroini au methadoni, mwilini kwa siku saba hadi kumi kabla ya kuanza. Katika jaribio la Marekani la watu 570 lililochapishwa 2018, asilimia 28 ya waliopangiwa sindano ya naltreksoni hawakufanikiwa hata kuianza; kwa buprenofini waliokwama ni asilimia sita. Waliovuka hatua hiyo walifanana matokeo. Mimi ningeifikiria kwa mtu anayetoka soba akiwa safi, mwenye kazi inayomngoja, asiyetaka kabisa dawa ya jamii ya afyuni.

Soba zimewaokoa wengi, Zanzibar hasa, na kuishi na wenzako waliopitia hayo ni kitu ambacho chupa ya methadoni haikupi. Ila kuna tahadhari ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila moja: baada ya miezi minne ya usafi mwili umesahau unga. Anayetoka na kurudia kete zilezile alizokuwa akimudu zamani anaweza kufa siku hiyo. Hilo linamhusu pia anayetoka jela, na aliyeacha sindano ya naltreksoni. Mjamzito naye asikatishwe ghafla kwa nia njema. Kwake methadoni au buprenofini ndiyo njia iliyo salama kwa mama na mtoto.

Vimeng'enya vinavyomhusu kweli mgonjwa wa methadoni

Hapa vimeng'enya vinarudi, safari hii kwa mlango wa nyuma, na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko vyote vilivyotangulia. Methadoni huondolewa mwilini na vimeng'enya vya ini, vikiongozwa na kimoja kiitwacho CYP2B6. Watu hawalingani. Aina ya polepole ya kimeng'enya hiki ni ya kawaida sana miongoni mwa Waafrika, ndiyo maana miligramu 80 zinamtosha mmoja hadi kesho yake na mwingine saa kumi jioni tayari anatoka kamasi na kupiga miayo ya arosto. Ukisikia jirani yako yuko kwenye 50 usimshangae wa kwenye 110.

Kisha kuna dawa nyingine zinazovichochea au kuvipunguza vimeng'enya hivyo. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huvichochea kwa nguvu. Methadoni inaondolewa haraka, na ndani ya wiki moja au mbili za kuanza dozi za TB mtu aliyekuwa ametulia anarudi kwenye arosto. Akirudi mtaani kununua kete, wahudumu wasio makini watasema ameshindwa tabia, kumbe ni ini lake. Efavirenzi na nevirapini katika dawa za VVU hufanya vivyo hivyo, na dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni pia. Dolutegraviri, ambayo ndiyo msingi wa dawa za VVU siku hizi, haina shida hiyo. Flukonazoli ya fangasi inakwenda upande wa pili: inavipunguza vimeng'enya, methadoni inapanda.

Anayelinganisha methadoni na buprenofini huku akiwa na TB ajue rifampisini inazishusha zote mbili, hivyo kuhama si suluhisho. Kupandishiwa dozi ndiko. Aitaje methadoni kwenye kliniki ya TB, na aende na kadi yake ya TB kwenye kliniki ya methadoni siku anapoanza. Na aende nayo tena siku anapomaliza, kwa sababu rifampisini ikisimama ini linapunguza kasi ndani ya wiki mbili hivi, na ile dozi iliyopandishwa inabaki kuwa kubwa kuliko anavyohitaji. Kipindi hicho ndugu wa nyumbani wamtazame usiku: akikoroma isivyo kawaida, akiamka kwa shida au akipumua polepole, apelekwe hospitali usiku huohuo, na kliniki ielezwe kabla hajakunywa dozi inayofuata.